Resident Evil 7: nyumba moja tu, na inatosha

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa hapa Sofia, mtaa wetu wa mpakani upande wa Uganda. Diski ya Resident Evil 7 niliipata ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, kwa mchuuzi anayeuza gemu zilizotumika. Alinitoza shilingi 2,000 za kwao. Ni ya PS4, mashine ya gemu ya Sony, kasha limechanika pembeni lakini diski yenyewe haina mkwaruzo. Kwa sente hizo nimepata gemu iliyonitisha kuliko zote zilizowahi kupita kwenye mashine yangu, ingawa sehemu yake ya mwisho ningepewa ruhusa ningeikata nusu.

Nina chumba cha gemu nyuma ya duka langu la kutengeneza simu. Vijana wananiita anti. Wengi huja kwa mpira, shilingi 1,000 kwa mechi, anayefungwa anaachia padi. Gemu za kutisha hazina biashara: analipa mmoja, wanatazama kumi, na hao kumi ndio wenye kelele. Kwa hiyo hii niliinunua kwa ajili yangu, niicheze nikishateremsha mlango wa chuma na malori ya foleni ya forodha yakiwa yamezima injini.

Kwa asiyeujua mfululizo wenyewe, Capcom ya Japani ilianza nao mwaka 1996. Kwao unaitwa Biohazard. Gemu ile ya kwanza ilikufungia ndani ya jumba kubwa lililojificha milimani, kamera imekazwa kwenye kona ya chumba, huoni kilichoko nyuma ya ukuta mpaka ukikaribie, na risasi unazihesabu. Mwaka 2005 ikaja ya nne, kamera ikahamia nyuma ya bega, na gemu nyingi za bunduki tunazocheza leo zimeiga pale. Ilikuwa gemu nzuri sana, na ndiyo pia iliyoanza kuupeleka mfululizo kwenye vita kuliko hofu. Ya tano, mwaka 2009, ilimleta Chris Redfield, shujaa wa mfululizo tangu gemu ya kwanza, Afrika, mahali pa kubuni panapoitwa Kijuju. Wanasema ni Afrika Magharibi, lakini maadui wake wanapiga kelele kwa Kiswahili. Vijana wangu walicheka hadi wakasahau kukimbia. Afrika Magharibi ipi hiyo ambako mtu anakufukuza na shoka kwa Kiswahili? Mwishoni mwa gemu hiyo hiyo Chris analipiga jabali kwa ngumi mpaka linabingirika. Halafu ya sita, mwaka 2012: hadithi nne, milipuko Marekani, Ulaya na China, wahusika wengi kuliko harusi. Kila kitu kilikuwamo isipokuwa woga.

Hapo ndipo ilipofaa mtu aseme basi. Gemu ya saba ilitoka tarehe 24 Januari 2017, muongozaji akiwa Koshi Nakanishi, na karibu kila kitu kilichokuwa kimezoeleka kiliondolewa. Kamera imewekwa ndani ya macho ya mchezaji: unaona mikono yako tu na kilicho mbele. Mashujaa wenye misuli wamewekwa pembeni kwa karibu gemu nzima. Unakuwa Ethan Winters, mtu wa kawaida ambaye mke wake, Mia, amepotea miaka mitatu, na siku moja anapokea ujumbe wake unaomwita aje Dulvey, mji wa kubuni kule Louisiana. Anakwenda. Anakuta nyumba ya watu wanaoitwa Baker. Hakuna mji wa kuokoa wala rais wa kukomboa. Ni nyumba, ua, kibanda cha mashua, na ukoo mmoja.

Nimesoma na kusikia watu wakisema kilichobadilisha gemu hii ni kamera. Mimi naona ni meza.

Mapema kabisa katika hadithi Ethan anazinduka akiwa amefungwa kwenye kiti, mezani, na familia imeketi kula. Baba, Jack. Mama, Marguerite. Kijana wao Lucas. Bibi kizee kwenye kiti cha magurudumu, haongei. Chakula kilichoandaliwa sitakieleza, huenda unasoma ukiwa na rolex, ile chapati yetu ya mayai, mkononi. Mama anakasirika kwa sababu mgeni hali. Baba anachukua kisu kumlisha mgeni kwa nguvu. Lucas anatia utani, baba anamkata mkono pale pale, na kijana analalamika kwa sauti ya mtu aliyenyimwa chumvi. Ethan ameshakaribishwa katika familia, ameitwa mwanangu, na hilo ndilo linalonigandisha damu. Sisi tumelelewa kwamba mgeni akiwekewa sahani hakatai, hata kama ameshiba, hata kama hapendi. Anamega kidogo, anashukuru. Na mwenye nyumba ana wajibu wake: mgeni akiwa chini ya paa lake hadhuriki. Gemu hii imechukua mkataba huo, ikaacha maneno yake yote yalivyo, karibu, kaa, kula, mwanangu, kisha ikaondoa ulinzi. Majitu ya maabara ya zile gemu za zamani hayakuwahi kunikosesha usingizi. Mzee anayenikaribisha kwa uchangamfu huku akinizibia mlango amenikosesha.

Ukitoka mezani, mzee anakufuata. Huyu Jack ndiye hazina ya gemu nzima. Hakimbii sana. Anatembea ndani ya nyumba yake kwa raha ya mwenye nyumba, anakuita, anakutania, na ukidhani umejificha salama anapita ukutani, ukuta ukabomoka. Risasi zinamwangusha kwa muda tu, kisha anainuka. Usiku mmoja nilimruhusu dereva mmoja wa lori, mzee wa Kitanzania aliyekuwa akisubiri karatasi zake za mzigo, akae atazame. Alitulia kwa heshima mpaka Jack alipoinuka tena.

"Dada, huyu mwenye nyumba hafi?"

"Hafi, mzee, mpaka atake mwenyewe."

"Basi mwachie nyumba yake, toka."

Ushauri mzuri, ila milango imefungwa, na ufunguo ni vichwa vitatu vya mbwa vya kupachika kwenye mlango wa kutokea uani. Hapa gemu inarudi nyumbani kwa mwaka 1996. Funguo zina picha, ya nge, ya kunguru, ya nyoka, na kila mmoja unafungua sehemu yake. Miti shamba ya kijani ya kujitibu imerudi. Sanduku la kuwekea vitu limerudi, na kila ulikolikuta vitu vyako viko mle mle. Kuna shotgani iliyoshikwa na sanamu ndani ya chumba kidogo; ukiichukua tu, mlango unajifunga. Lazima utafute shotgani mbovu kwingineko ndani ya nyumba uje uiweke badala yake. Aliyecheza ile ya kwanza atatabasamu, maana fumbo ni lile lile.

Kwa hiyo wanaosema wamegeuza kila kitu wanakosea kidogo. Waliofanya hivi walibadili macho ya mchezaji, mikono yake na nafsi yake, lakini mifupa ni ya zamani kuliko hata ya gemu ya nne. Ile ya zamani ilikuwa imezikwa chini ya milipuko, wakaifukua.

Jambo la mifuko nalo nalipenda. Nafasi za kubebea ni chache mpaka upate begi, na kila kitu kinagombania: risasi, dawa, funguo, kopo la kemikali. Kemikali hiyo ukiichanganya na mti shamba unapata dawa, ukiichanganya na baruti unapata risasi. Haitoshi vyote. Kila chumba unapiga hesabu ya mama wa nyumba tarehe 28 ya mwezi. Zipo pia sarafu za kale zilizofichwa kwenye droo na nyuma ya vitu, ambazo unakuja kuzitumia uani kufungulia vizimba: dawa ya kuongeza afya, au bastola kubwa ya Magnum kwa sarafu 9. Mimi nilikwenda kwa afya kwanza. Vijana walinicheka. Wao wote wangechukua bastola.

Sauti ndiyo nusu ya bei. Usiicheze kwa spika ya televisheni, tafuta hedifoni hata za bei ya chini. Mbao zinalia, kitu kinaburutwa juu ya dari, mlango unagonga vyumba viwili mbali nawe, na mara nyingi hakuna chochote. Masikio yako yanajitisha yenyewe. Ukiongeza paka wa Sofia wanaotembea juu ya mabati saa nane za usiku, basi unapata kitu ambacho Capcom hawakukilipia. Ukifika chumba cha kuhifadhi mchezo, chenye kinasa sauti cha kaseti mezani na muziki wa upole, mabega yanashuka. Nilikuwa nakaa mle bila kufanya lolote, napumua tu.

Kinasa sauti hicho kina habari yake kwa sisi wa upande huu. Katika ngazi ya kawaida unaseivu utakavyo. Lakini ukishamaliza gemu inafunguka ngazi ngumu inayoitwa Madhouse, na humo kila kuseivu kunakula kaseti moja, na kaseti ni za kutafuta. Umeme ukikatika katikati, umerudi mbali. Mtu asiye na inveta asijaribu Madhouse, labda awe na moyo wa jiwe. Nimemwona kijana mmoja, mtaratibu kabisa siku zote, akiweka padi chini baada ya taa kuzimika, akaenda zake bila hata kudai chenji.

Sasa kanda za video. Ndani ya nyumba unaokota kanda za VHS, unaziweka kwenye mashine, na badala ya kutazama tu unacheza kilichomo: unakuwa mtu mwingine, wakati mwingine uliopita, mara nyingine katika vyumba vile vile utakavyopita baadaye. Kanda ya kwanza ni ya watu watatu wa kipindi cha televisheni waliokuja kupiga picha nyumba mbovu. Katika kanda yao unajifunza kwamba karibu na meko kuna kishikio kilichofichwa. Kanda inakwisha vibaya, unarudi kwa Ethan, na kishikio kiko pale pale. Lakini bora kuliko zote ni ile ya Lucas na sherehe ya siku ya kuzaliwa. Mpiga picha wa wale watatu, Clancy, amefungiwa chumbani na anatakiwa awashe mshumaa wa keki. Anafuata masharti hatua kwa hatua, kila hatua inamjeruhi, na akiufikisha mshumaa kwenye keki ndipo anapojua kwamba masharti yenyewe yalikuwa ndiyo mtego. Baadaye Ethan anaingizwa chumba hicho hicho. Tofauti ni kwamba wewe umeshatazama kanda. Neno la siri unalijua tayari, kwa hiyo unaruka zile hatua zote za maumivu, na Lucas anaudhika kweli kweli kwamba umemharibia sherehe. Katika gemu zote nilizocheza sijakuta fumbo lililopangwa kwa akili namna hiyo, ambalo jibu lake umepewa na marehemu.

Vijana nao wana njia yao ya kuicheza. Hapa Uganda tumezoea VJ, yule mtu wa kibanda cha video anayetafsiri filamu ya kigeni juu kwa juu na kutia chumvi zake. Gemu hii ina barua na karatasi nyingi za Kiingereza zilizotawanyika ndani ya nyumba, na ukiziruka hutaelewa kwa nini familia imekuwa hivyo. Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha, hata baada ya kukopa chetu kwa ajili ya maadui wa gemu ya tano. Kwa hiyo mchana wakiniomba niiweke, mimi ndiye nasoma na kutafsiri kwa sauti, na nikifika kwa Jack natakiwa nibadilishe sauti iwe nzito. Woga unapungua nusu, kwa sababu watu kumi wanapiga kelele "Anti, nyuma! Nyuma!" hata pasipo na kitu nyuma. Lakini hata hao walinyamaza wote kwenye chumba cha chini, pale mzee anapochukua pawasoo, msumeno wa injini, na wewe unaichukua nyingine.

Marguerite anamiliki nyumba ya zamani nje ya ua, yenye wadudu, taa ya mkononi na miguu inayotambaa darini. Wanaochukia wadudu wataiona sehemu hii ngumu kuliko zote. Mimi nyuki na siafu nimewazoea, nilipita.

Tatizo linakuja baada ya hapo. Ukishamaliza nyumba na ua, hadithi inakuhamishia kwenye meli iliyokwama. Meli ina kazi yake katika hadithi, kwa sababu humo unaambiwa chanzo cha yote, na kipande cha Mia ni cha huzuni ya kweli. Lakini ni korido za chuma zinazofanana, na Jack hayumo. Baada ya meli kuna machimbo ya chumvi, na huko gemu inasahau somo lake yenyewe: inakupa risasi tele, inakuletea maadui kwa makundi, ukawa umerudi kwenye gemu ya sita kwa muda. Adui wa mwisho ni tamasha tu la kutazama.

Na maadui wa kawaida ni wachache wa aina. Hawa viumbe weusi wa ukungu, wanaotoka kwenye kuta zilizooza, unawaona mapema, unawajua, unawachoka. Wapo wa kutambaa, yupo mnene wa kutapika, mwingine mwenye mkono mmoja wa kisu, na kwisha. Gemu iliyobuni familia ya kukumbukwa namna ile ilistahili majini ya daraja lake.

Ethan naye sijampenda. Mtu anakatwa mkono, unaunganishwa kwa pini za chuma, anamwagiwa dawa, na maneno yake ni ya mtu aliyemwagiwa chai. Najua wamemfanya mtupu ili mimi nijae ndani yake, na uso wake unafichwa makusudi. Hata hivyo mtu mtupu anaruhusiwa kuogopa. Mara nyingi mimi ndiye niliyepiga yowe, yeye akakaa kimya.

Kitu kimoja cha kiufundi na sitarefusha. PS4 yangu ni ile ya kwanza kabisa, feni yake inavuma, lakini gemu hii inaenda laini kwa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde bila kukwama. Ilijengwa kwa injini mpya ya Capcom, yaani programu ya kutengenezea gemu, RE Engine, ambayo baadaye waliitumia kwa Resident Evil 2 iliyofanywa upya mwaka 2019 na nyingine nyingi. Nyuso za watu wakati mwingine ni ngumu kidogo, nywele hasa. Nyumba yenyewe haina kasoro: mafuta kwenye jiko, ukungu kwenye karatasi za ukutani, picha za familia zilizopigwa kabla mambo hayajaharibika. Zitazame hizo picha. Ukizitazama vizuri utaanza kuwahurumia watu wanaojaribu kukuua, na gemu inataka hivyo. Inaweza kuchezwa yote kwa kofia ya VR ya PlayStation pia, ile inayofunika macho ukajiona uko ndani ya gemu. Sina kofia hiyo na sijui nani hapa mjini ambaye moyo wake ungeivumilia.

Urefu ni kama saa 10 kwa mtu anayefungua kila droo. Kuna zawadi kwa anayeimaliza chini ya saa 4, na yupo kijana wa hapa anayedai ataipata, bado tunamsubiri.

Ukitaka kununua: tafuta Gold Edition, ya Desemba 2017, ina nyongeza zilizouzwa kando, ikiwamo ile ya Zoe, binti wa nyumba ile. Nyongeza ya Chris Redfield, Not a Hero, ni ya bure lakini unaipakua, kwa hiyo pima bando lako kwanza. Mwenye diski ya PS4 akihamia PS5 yenye sehemu ya diski anapata toleo la PS5 bila kulipa tena. Nalo ni la kupakua. Diski ya kawaida inatosha kwa hadithi yenyewe. Geuza upande wa chini uitazame kwenye mwanga kabla hujatoa pesa, na usikubali zaidi ya shilingi 60,000 za Uganda kwa iliyotumika. Watoto wasiionje kabisa. Kwangu haichezwi mbele ya walio chini ya miaka 18, na wazazi wa Sofia wanajua hilo. Ya nane, Village, ya mwaka 2021, inaendelea na huyo huyo Ethan. Mchuuzi wa ng'ambo anayo, ila bei aliyonitajia ni ya mtu aliyeona jinsi nilivyoipenda hii.